Farumi Isiyo na Uzito: Istilahi za Mwendo wa Hewa katika Uundaji wa Magari ya Mashindano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna taaluma ya mwendo wa hewa katika uundaji wa magari ya mashindano inavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Mifano yake inatoka Miasenyi na Voi katika Kaunti ya Taita Taveta, na pia katika historia ya mashindano ya Safari Rally. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kueleza taaluma hii, na kwamba sehemu ya hazina hiyo imo katika msamiati wa kale wa mabaharia. Aidha, makala yanaonyesha kwamba istilahi iliyotafsiriwa neno kwa neno huweza kupotosha maana ya kisayansi, na kwamba upotoshaji huo una madhara nje ya darasa.

1.0 Utangulizi

Miasenyi ni mahali padogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, upande wa Voi unaoelekea pwani. Tangu mwaka 2017, jina lake limejulikana zaidi kwa sababu ya kituo cha reli ya kisasa kilichoko kati ya Voi na Mariakani. Nchi yake ni tambarare na kavu, na upepo hauna kizuizi kikubwa. Malori ya mizigo ya bandari ya Mombasa hupita hapo usiku na mchana.

Mtu asimamaye kando ya barabara hiyo wakati lori refu linapopita kwa kasi huhisi mambo matatu kwa mfululizo. Kwanza husukumwa nje, kana kwamba mtu amempiga kikumbo. Kisha huvutwa kuelekea lori. Mwisho hupigwa na upepo wa vurugu uliojaa vumbi, ambao huendelea hata baada ya lori kupita. Mambo haya matatu ndiyo msingi wa taaluma nzima inayotumiwa na wahandisi wa magari ya mashindano. Mwendesha bodaboda wa Miasenyi huyajua kwa mwili wake. Swali ni iwapo anaweza kuelezwa sababu zake kwa lugha anayoimudu.

Katika shule za upili za Kenya, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Hali ni hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa nchini Tanzania, ingawa huko kazi ya kuunda istilahi ilianza mapema. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo zimetupatia maneno kama kani, kanieneo na mchapuko. Hata hivyo, orodha ya maneno haitoshi kuwa lugha ya taaluma. Neno hukomaa linapotumiwa kueleza jambo, kukokotoa na kubishana. Makala haya yanayatia maneno hayo katika jaribio la namna hiyo.

2.0 Kani Zinazolikabili Gari

2.1 Ukinzani wa hewa

Gari linapokwenda, hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Hewa hiyo husongamana kwenye bampa, na kanieneo yake huongezeka. Huo ndio msukumo wa kwanza anaouhisi mtu aliye kando ya barabara. Nyuma ya gari hewa haiwahi kujaza nafasi iliyoachwa. Kanieneo hupungua na vurugu huzuka. Tofauti ya kanieneo baina ya mbele na nyuma hulirudisha gari nyuma, na kani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa.

Sifa muhimu ya ukinzani huu ni kwamba haukui sawia na kasi, bali hukua sawia na kasi iliyozidishwa kwa kasi yenyewe. Chukua gari ambalo eneo lake la mbele ni mita mraba 2 na kizigeu chake cha ukinzani ni 0.4, katika hewa ambayo kila mita ya ujazo ina masi ya kilo 1.2. Likienda kilomita 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huwa takriban nyutoni 370. Likienda kilomita 200 kwa saa, ukinzani hufika takriban nyutoni 1,480. Kasi imeongezeka mara mbili, ukinzani mara nne. Nguvu ambayo injini lazima itoe ili kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane, kutoka takriban kilowati 10 hadi takriban kilowati 82.

Hesabu hiyo hiyo inahusu reli ipitayo Miasenyi. Treni ya abiria huruhusiwa kufikia kilomita 120 kwa saa, na ya mizigo kilomita 80. Kwa umbo lile lile, mwendo wa 120 ungekabiliwa na ukinzani wa hewa mara 2.25 ya ule wa 80. Hii ni sababu mojawapo ya kichwa cha treni ya abiria kuchongwa kwa mteremko, kama vile hanamu ya jahazi inavyochongwa ili ipasue maji.

2.2 Kani gandamizi

Mhandisi wa gari la kawaida hujishughulisha zaidi na kupunguza ukinzani. Mhandisi wa gari la mashindano ana shughuli ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni kulifanya gari lishike barabara katika kona. Tairi hushika barabara kwa msuguano, na msuguano huongezeka kadiri tairi linavyogandamizwa chini. Njia rahisi ya kuligandamiza ni kuongeza uzito wa gari. Lakini gari zito hukawia kushika kasi, hukawia kusimama, na katika kona hutaka kuendelea mbele badala ya kupinda.

Hapa msamiati wa mabaharia unafaa. Chombo kitupu huyumba, huenda mrama. Nahodha hukitia farumi, yaani mawe au mchanga chini ya ngama, ili kitulie. Farumi hukituliza chombo, lakini pia hukilemea. Waundaji wa magari ya mashindano walichokitafuta ni farumi isiyo na uzito: kani inayoligandamiza gari kwenye barabara bila kuliongezea masi. Kani hiyo hutokana na hewa yenyewe, nayo huongezeka kasi inapoongezeka na kupungua gari linapopunguza mwendo.

Chanzo chake kimoja ni bawa. Bawa la ndege limeundwa ili hewa ilielemee upande wa chini na kuliinua. Bawa la gari la mashindano limegeuzwa, hivyo hewa huligandamiza. Jim Hall wa Marekani alilitumia bawa refu lililoinuliwa juu ya gari lake la Chaparral 2E mwaka 1966, na mwaka 1968 mabawa yakaingia katika Formula 1.

Chanzo cha pili ni sakafu ya gari. Upepo upitao katika uchochoro mwembamba wa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa huenda kasi kuliko upepo wa uwanjani. Hewa ilazimishwayo kupita katika nafasi nyembamba huongeza kasi, na kanieneo yake hupungua. Kanuni hii ilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu alichokichapisha mwaka 1738. Ikiwa nafasi baina ya sakafu ya gari na barabara itafanywa nyembamba, kisha itanuliwe taratibu kuelekea nyuma, kanieneo chini ya gari hupungua, na gari huvutwa chini. Kampuni ya Lotus ililithibitisha jambo hili kwa gari la Lotus 78 la mwaka 1977, na lililofuata, Lotus 79, lilimpa Mario Andretti ubingwa wa dunia mwaka 1978. Mwaka 1983 kanuni ziliamuru sakafu bapa kwa sababu mwendo katika kona ulikuwa umepita kiasi. Mwaka 2022 sakafu zilizochongwa ziliruhusiwa tena, na kanuni za mwaka 2026 zikabadilisha mambo upya kwa kuruhusu mabawa yanayogeuza pembe gari likiwa mbioni.

Kanuni ya uchochoro ndiyo pia inayomvuta mtu kuelekea lori. Hewa iliyo baina ya ubavu wa lori na mpita njia hukimbia, na kanieneo yake hupungua. Jambo ambalo mhandisi wa Formula 1 hulitafuta kwa gharama kubwa, mwendesha bodaboda hulipata bure, na kwake ni hatari.

3.0 Safari Rally na Mipaka ya Nadharia

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo kadhaa njia zake zilifika pwani na kupita katika nchi ya Voi na milima ya Taita. Magari hayakukimbia katika uwanja uliofungwa. Yalipita katika barabara za umma, yakikutana na mifugo, mabasi, matope na mito. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza.

Mazingira hayo huuliza nadharia maswali ambayo uwanja wa lami hauulizi. La kwanza linahusu sakafu. Ujanja wa Lotus unahitaji sakafu iwe karibu sana na ardhi na nafasi hiyo isibadilike. Gari la Safari lazima liinuliwe ili lipite juu ya mawe na makorongo, na shokabsoba zake hupanda na kushuka bila kukoma. Kwa hiyo faida ya sakafu hupungua sana, na mzigo mkubwa wa kani gandamizi huangukia bawa la nyuma na umbo la bampa ya mbele.

Swali la pili linahusu hewa yenyewe. Voi iko takriban mita 560 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha takriban mita 1,880. Katika hali ya hewa inayochukuliwa kuwa ya kawaida, msongamano wa hewa Voi ni takriban asilimia 95 ya ule wa pwani, na Naivasha takriban asilimia 83. Kwa kuwa kani gandamizi hutegemea msongamano huo, bawa lile lile kwa kasi ile ile hutoa Naivasha kani pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko Voi. Ukinzani nao hupungua kwa kiasi hicho hicho. Dereva huona gari likiwa jepesi katika njia iliyonyooka, lakini likishika barabara kwa udhaifu katika kona.

Swali la tatu linahusu matundu. Kila tundu la kupozea injini huongeza ukinzani, na kwa hiyo mhandisi wa Ulaya hupenda matundu madogo. Joto la nyanda za Taita hutaka matundu makubwa. Vumbi nalo hutaka machujio yasiyoziba. Magari ya Safari yalizoeleka kufungwa vyuma vya kinga mbele, taa za ziada, na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji mtoni. Vitu hivyo vyote huharibu mtiririko wa hewa, lakini gari linalozima katikati ya mto halifaidiki na umbo lake zuri.

Orodha ya washindi inaonyesha mvutano huo. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, gari lenye mgongo wa mviringo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara 5: mwaka 1973 kwa Datsun 240Z iliyochongoka, na kuanzia 1979 hadi 1982 kwa magari ya Datsun yenye umbo la sanduku. Umbo peke yake halikuwa siri ya ushindi. Uimara, upoaji na busara ya dereva vilikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Safari Rally iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea mwaka 2021 na makao yake yakiwa Naivasha. Baina ya miaka hiyo, taaluma ya mwendo wa hewa ilikuwa imebadilisha sura ya magari. Kanuni za mwaka 2017 ziliruhusu miili mipana zaidi na mabawa makubwa. Zile za mwaka 2022 zilipunguza vikorombwezo hivyo. Katika mwaka huo wa 2022, Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mshindi. Hata hivyo, vumbi laini na mito havikubadilika, na bomba la kupandishia hewa hadi paani likarudi katika magari hayo ya kisasa. Nchi ilikuwa imeirudisha taaluma kwenye masharti yake ya zamani.

4.0 Tathmini ya Istilahi

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kutumia vigezo vya K. B. Kiingi vijulikanavyo kwa kifupi kama PEGITOSCA. Miongoni mwake ni usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu na kukubalika. Istilahi zilizotumiwa katika makala haya zinaweza kupimwa kwa vigezo hivyo.

(a) Kani gandamizi. Tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza ingekuwa "nguvu ya chini". Msemaji yeyote wa Kiswahili akisikia hivyo ataelewa nguvu dhaifu, yaani kinyume kabisa cha maana inayokusudiwa. "Kani gandamizi" ni angavu, kwa sababu kitenzi gandamiza kinaonyesha mwelekeo na tendo. Pia ina uzalishi: ugandamizi, kigandamizi, bawa gandamizi.

(b) Ukinzani wa hewa. Wapo wanaopendelea neno linalotokana na kitenzi buruta, kwa kufuata Kiingereza. Lakini anayeburuta huvuta kitu kwenda anakotaka yeye, ilhali hewa hulizuia gari lisiende linakotaka. Kitenzi kinza kinaeleza uhusiano huo kwa usahihi.

(c) Bawa na spoila. Mafundi wa mtaani huita kila kipande kilichofungwa juu ya buti "spoila". Neno hilo limekubalika, na si haki kulifuta. Lakini kuna tofauti ya kisayansi. Spoila huvunja mtiririko wa hewa uliokuwa ukiinua gari. Bawa huzalisha kani yake lenyewe, kwa kuwa hewa hupita juu na chini yake. Istilahi zote mbili zihifadhiwe, kila moja kwa maana yake.

(d) Kitanuzi. Sehemu ya nyuma ya sakafu inayopanuka ili kuipunguzia hewa kasi inaweza kuitwa kitanuzi. Jina "kitawanyaji", ambalo huonekana kuwa tafsiri ya karibu zaidi, lina kasoro: hewa haitawanywi ovyo hapo, bali hupewa nafasi taratibu ili isizue vurugu.

(e) Joshi na demani. Mabaharia hutofautisha upande wa joshi, upepo utokako, na upande wa demani, upepo uendako. Gari lililopigwa na upepo wa ubavuni katika tambarare ya Miasenyi lina pande hizo hizo. Hakuna sababu ya kuunda maneno mapya ya urefu wa sentensi ilhali haya mawili yapo, mafupi na kamili. Kigezo cha iktisadi kinayatetea. Kikwazo chake ni kukubalika, kwa kuwa wanafunzi wengi wa bara hawayajui. Lakini hata "kanieneo" hakuna aliyezaliwa akiijua.

(f) Kani na nguvu. Katika mazungumzo ya kawaida, neno nguvu hubeba maana za kani, uwezo wa injini na hata afya ya mwili. Katika mfano wa 2.1, ukinzani uliongezeka mara nne na hitaji la injini mara nane. Mwanafunzi anayeyaita yote mawili "nguvu" hawezi kuelewa kwa nini hesabu mbili zinatoa majibu mawili. Hapa usahihi si pambo la kitaaluma. Bila huo hoja yenyewe husambaratika.

5.0 Kwa Nini Jambo Hili Lina Uzito

Yaweza kudaiwa kwamba vijana wa Taita Taveta hawaundi magari ya mashindano, na kwamba istilahi za bawa na kitanuzi ni anasa. Dai hilo linasahau mambo mawili.

Kwanza, taaluma hii haibagui chombo. Kani zile zile huamua mafuta yanayotumiwa na lori lenye turubai linalopepea, uthabiti wa basi lenye mizigo juu ya paa, na usalama wa pikipiki inayopishana na lori. Mwalimu wa udereva akisema tu "jihadhari na upepo wa malori", mwanafunzi hujua kuogopa lakini hajui lini na wapi. Akieleza kwamba ubavuni kanieneo hupungua na kuvuta ndani, kwamba mvuto huo huongezeka nafasi inapokuwa nyembamba, na kwamba nyuma ya lori kuna mkia wa hewa ya vurugu, mwanafunzi hupata kanuni ya kuongozea mkono wake: aache nafasi pana, apunguze kasi kabla ya kupishana, na asishangae usukani unapovutwa upande mmoja kisha mwingine.

Pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza kwa nini lori humvuta mpita njia hubaki rasmi katika karatasi tu. Jukumu la kuijaza nafasi hiyo haliwezi kuachiwa wanafizikia peke yao, kwa kuwa wengi wao hawana zoezi la kupima istilahi. Wala haliwezi kuachiwa wanaisimu peke yao, kwa kuwa, kama mfano wa kitawanyaji unavyoonyesha, asiyejua hewa inafanya nini hawezi kuipa jina sahihi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya kuwakutanisha.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ukinzani wa hewa, kani gandamizi, bawa, kitanuzi na mkia wa hewa vinaweza kufafanuliwa, kukokotolewa na kulinganishwa kwa Kiswahili bila kuazima sentensi za lugha nyingine. Yameonyesha pia kwamba mazingira ya Afrika Mashariki hayakuwa jukwaa tu la taaluma iliyokamilika kwingineko: mwinuko, joto, mito na vumbi viliwalazimisha waundaji kufanya maamuzi ambayo uwanja wa lami haukuyahitaji. Hatimaye, farumi, hanamu, mrama, joshi na demani ni ushahidi kwamba wasemaji wa Kiswahili walitafakari kani za upepo na maji karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika pwani. Inapendekezwa kwamba maneno haya yajaribiwe katika madarasa ya fizikia na katika shule za udereva, na kwamba yale yatakayokataliwa na watumiaji yaachwe bila majuto. Istilahi, kama bawa, huthibitishwa na mwendo.